Kreshi Isiyo na Theluji

Adolphine M'Cirhuza alikuwa na ugomvi na theluji, kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu azaliwe. Kila Noeli, katika parokia yao ya kule juu Kadutu, mjini Bukavu, watu walichukua mifuko ya sementi, wakaifinyangafinyanga na kuipaka rangi ya kijivu ili iwe majabali ya Betlehemu, halafu juu yake wakatandaza pamba ya farmasia. Pamba, jamani. Miaka ile wajawazito walikuwa wanaambiwa waende kujifungua na pamba yao mkononi, na pamba ya kanisa imelala juu ya karatasi inajifanya baridi ya Ulaya.

"Ile theluji ilinyesha Bukavu siku gani?" aliuliza kwenye mkutano wa shirika lao, yaani ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa avenue moja, mtaa mmoja, wanaosali pamoja kila juma. "Miye najua mvua tu. Mvua njo inatuua."

Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza kwa sababu walikumbuka. Miaka miwili nyuma, mchana kweupe, mlima ulio juu ya avenue yao kule Nyamugo ulikuwa umeachia. Uliteremka na kuchukua jiko la nje la Adolphine, na ndani ya jiko alikuwamo mama yake mzazi anachambua maharage. Walipomfukua, ungo ulikuwa bado mapajani. Kitu pekee kilichotoka kizima ni mlango wa lile jiko, na Adolphine aliuegemeza ukutani kwake, hakuuuza, hakuuchoma, ingawa kuni zilikuwa ghali kuliko nyama.

Mlima ule zamani ulikuwa na miti. Vita ya kwanza ilipokuja, na waliokimbia wakajaa mji mzima, kila mtu alikuwa na sufuria na kila sufuria ilitaka moto. Watu walikata. Wenyeji walikata, wageni walikata, wenye bunduki walikata zaidi maana wao walikuwa na magari ya kubebea. Hata Adolphine alikata, wacha nisimpambe. Yeye mwenyewe aliishi kwa moto: alifinyanga mbabula, yale majiko ya udongo ya kupikia kwa makala, makaa ya miti, na hakuna nyumba Nyamugo iliyokosa mbabula yake. Na mvua nayo ilikuwa imeacha adabu. Wazee wa Kabare walizoea kupanda maharage mwezi wa tisa bila kumuuliza mtu. Sasa mwezi wa tisa ulipita mkavu, halafu mwezi wa kumi na moja maji yakaja yote kwa mkupuo, yakakuta mlima uko uchi.

Dawa ilijulikana. Jirani yao Constantin alikuwa agronome, mtu aliyesomea udongo na mimea, na alifanya kazi kwenye mradi wa kilimo mpaka vita ikaufunga. Aliwaambia watu wa avenue tangu siku ya msiba: chimbeni mitaro kuukata mlima kwa ubavu, maji yalale humo badala ya kukimbia, ukingoni pandeni majani ya ng'ombe, chini yake pandeni miti. Alikuja na michoro mizuri sana. Watu walimsikiliza, wakamshukuru, wakaenda zao kulala.

"Papa Constantin," alisema Joviale, mama mmoja aliyeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa lililo chini ya mji, pale kona, ulimi wake ukiwa mkali kuliko kisu chake cha samaki, "leo nichimbe, kesho bunduki ilie, nikimbie na mutoto mugongoni. Ule mutaro nitaubeba fasi gani? Ku kichwa?"

Msiseme huo ulikuwa uvivu. Joviale alikuwa amekimbia mara mbili na sufuria kichwani, na mara zote mbili alirudi akakuta mlango wake umeng'olewa. Mtu wa namna hiyo hapandi avoka, mti wa parachichi. Avoka inataka uamini kwamba utakuwepo ikizaa, na kuamini huko ndiko kulikokuwa kumeibwa na vita kabla ya milango. Adolphine aliliona hilo na likamuuma, maana kila wingu jeusi likipanda kutoka ziwani alihesabu majiko ya nje yaliyobaki chini ya mlima na akina mama waliokaa ndani yake.

Mwaka elfu mbili, zamu ya kutengeneza kreshi, pango la Mtoto Yesu, iliwaangukia wao. Adolphine alimfuata Constantin nyumbani kwake kabla Majilio, yale majuma manne ya kungoja Noeli, hayajaanza.

"Weye unaonesha batu mistari juu ya karatasi," alimwambia. "Mutu hawezi kulilia mistari. Nipe hii mistari yako, miye nitaitia batu."

"Utaitia wapi?"

"Mu kreshi. Mwaka huu Yesu anazaliwa Nyamugo."

Aliuchukua ule mlango wa jiko la mama yake, akaulaza juu ya meza mbili katika ukumbi wa parokia, na hapo ndipo alipoujenga mlima. Udongo ulikuwa ule mweusi wa bondeni Mudaka, aliotumia kwa mbabula. Constantin alisimama pembeni na kuelekeza: hapa mteremko ni mkali zaidi, hapa kuna chemchemi, mtaro wa tatu usipite hapo utabomoka. Adolphine alikata mitaro kwa ncha ya kijiko. Mlima wenyewe aliuvika kuvu ya kijani aliyoikwangua kwenye mifereji ya paa. Ziwa lilikuwa kipande cha kioo. Na pale lilipokuwa jiko lililochukuliwa, alijenga jiko jipya, akamweka humo Maria wa udongo, mdogo kama kidole gumba, na ungo mapajani. Mtoto alilala pembeni yake na Maria alikuwa anachambua maharage.

Lakini kilichowavuta watu ni watu. Adolphine hakufinyanga wachungaji wala mamajusi. Alifinyanga wajukuu. Aliwapanga mlimani na majembe begani, wengine chini ya miti wakila, wengine ziwani, na kila mmoja alikuwa na jina na habari zake. Ukija kutazama, alikushika mkono na kukuonesha wa kwako.

"Huyu njo mujukuu wako," alimwambia Joviale siku alipopita kwa kudoea habari. "Jina yake Maombi. Iko muzee sasa, anakupita weye kwa miaka. Iko nakula avoka ya muti ulipanda."

"Miye sijapanda muti."

"Njo maana iko nakutazama vile."

Joviale, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa jibu toka soko la Kadutu hadi Nyawera, aliinama akamkagua yule bibi wa udongo tangu kitambaa cha kichwa, halafu akachukua beseni lake akatoka. Kesho yake alirudi, akadai Maombi abadilishiwe kitambaa cha kichwa kwa sababu ukoo wao hawafungi hivyo. Adolphine alimbadilishia. Watu wakaanza kuja kila siku, wakabishana habari za wajukuu, nani atakuwa mnene, nani atarithi shamba la Katana, mti gani uwe karibu na choo cha nani. Kuchimba, hata hivyo, hakuna aliyechimba. Walipenda kutazama, basi, na Majilio yalikuwa yanakwisha.

Sasa, katika mji wenye vita, habari haitembei, inakimbia, na njiani inabadilisha nguo. Iliondoka parokiani ikiwa kreshi. Ilipofika kwa wenye bunduki walioshika mji, ilikuwa ramani ya vita: kanisani wamejenga mlima wa Nyamugo, wamechora mahandaki, wamepanga askari na silaha begani. Na ukiitazama kwa jicho la mtu aliyeishi porini na bunduki, kweli, utaona nini kingine?

Komanda alikuja siku ya kuamkia mkesha wa Noeli, mchana, na askari wanne. Watu wa avenue walimjua vizuri maana alikuwa jirani: alilala katika nyumba ya matofali iliyo chini kabisa ya mlima, nyumba ya mfanyabiashara Marcellin aliyekimbia na wanawe, wakaacha sahani mezani. Ukumbini alimkuta Adolphine, Constantin na padri wao, Abbé Gaston, mtu mnene mpole aliyekuwa na tabia ya kusugua miwani yake kila akiogopa. Siku hiyo aliisugua sana.

"Huu ni mlima gani?" aliuliza Komanda.

"Ni ule wetu, afande," alisema Adolphine.

"Na haya mahandaki?"

"Ni mitaro."

"Mahandaki ni mitaro. Hawa wenye bunduki begani ni kina nani?"

Adolphine aliinama kutazama, kana kwamba na yeye alitaka kujua. "Ni majembe, afande."

"Watu hawa wako wapi sasa hivi?"

"Habajazaliwa bado."

Askari mmoja mwenye rozari shingoni alikohoa ili kuficha kicheko. Komanda hakucheka. Alitaka majina yao, naye Adolphine akampa yote, bila kusita, ukoo kwa ukoo, mpaka akafika kwa Maombi mjukuu wa Joviale, na hapo akamuuliza kwa adabu kama atamngoja azaliwe kwanza ndipo amkamate. Hofu alikuwa nayo, lakini ulimi wa Adolphine ulikuwa hivyo: ukiogopa, unatangulia mbele.

Constantin ndiye aliyeokoa saa ile. Alisogea, akachota maji kwa kikombe, akayamwaga taratibu kileleni mwa mlima wa udongo. Maji yalishuka, yakaingia mtaro wa kwanza, yakalala. Yaliyozidi yakaingia wa pili. Hakuna tone lililofika kwenye nyumba. "Tunapigana na hii tu, mon commandant," alisema. "Na mvua."

Komanda alisogea karibu na maji. Uso wake ulilegea; ilikuwa wazi kwamba mtu huyu amewahi kulima. "Kwetu pia ni milima," alisema. "Baba yangu alipoteza shamba zima kwa maji." Aliomba kikombe, akamwaga yeye mwenyewe, akaona yanalala. Abbé Gaston aliacha kusugua miwani. Kreshi ilikuwa imepona, na ingekuwa imepona kabisa kama Komanda angeondoka pale pale.

Lakini nani anaoneshwa mtaa wake bila kutafuta nyumba yake? Aliinama, akafuata njia kwa kidole kutoka mlimani hadi chini, akaikuta. Paa jekundu, baraza pana. Barazani walikuwa wamekaa mzee mmoja na watoto watatu.

"Hii ni nyumba yangu," alisema, karibu kwa furaha.

Abbé Gaston alianza tena kusugua miwani.

"Hawa ni nani kwenye baraza yangu?"

"Ni bajukuu ya Papa Marcellin," alisema Adolphine. "Benye nyumba."

"Na mimi niko wapi?"

Constantin alimkanyaga Adolphine mguu chini ya meza. Ilikuwa rahisi sana. Watu wa udongo walikuwa wamejaa pale. Angegusa mmoja yeyote, akasema huyu hapa, afande, tazama ulivyozeeka vizuri. Neno moja tu, na kazi ya Majilio yote ingesimama kanisani kesho mbele ya mji. Adolphine alijua pia walikopelekwa watu waliowajibu vibaya watu kama huyu, na kwamba wengine hawakurudi. Alitazama lile jiko dogo na ungo wa maharage, na akaona kwamba akimweka mtu huyu ndani ya kreshi, akamruhusu kukaa kwenye baraza ya wenzake hadi kizazi cha wajukuu, basi kila kitu alichokifinyanga kitakuwa uongo, na uongo haustahili kuchimbiwa mtaro.

"Humu hauko, afande," alisema. "Hii iko mwaka ile ulisharudia kwenu."

Komanda alijinyoosha. Hakupaza sauti. "Ivunje."

"Sivunji."

"Kwa mikono yako."

"Mikono yangu inajua kutengeneza. Ya kuvunja ulikuja nayo weye."

Basi walivunja wao. Walitumia vitako vya bunduki, na udongo ambao haujachomwa hauna ubishi. Mlima ulilala, kioo cha ziwa kikapasuka, wajukuu wakapondwa hadi wakawa matope matupu juu ya mlango. Ni yule mwenye rozari tu aliyenyoosha mkono kabla ya pigo, akamtoa Maria na Mtoto wake na jiko lao, akawaweka juu ya benchi. Komanda alijifanya hakuona. Mlangoni aligeuka akasema: "Nikisikia tena habari ya mitaro kwenye mlima huu, nitajua ni vita, na nitajibu kama vita."

Walipoondoka, Adolphine alilia, msidhani hakulia. Alilia kwa hasira, akiwa ameketi sakafuni.

"Ungemwambia tu yumo," alisema Constantin. "Neno moja, Adolphine. Kesho watu wote wangeiona. Pengine wangechimba."

"Nikimuweka humo mara moja," alisema Adolphine, "nitamutoa ginsi gani?"

Constantin alikaa naye sakafuni.

Kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku, misa ya mkesha ilisaliwa saa tisa ya mchana. Kanisa lilijaa mpaka nje, na kila aliyeingia alitazama kona ya kreshi na kukuta meza iliyoletwa kutoka ukumbini, mlango mtupu juu yake, na pembeni, juu ya benchi, yule Maria wa udongo na ungo wake. Mji mzima ulikwisha kujua. Askari wawili walisimama mlangoni kuhakikisha haijengwi nyingine.

Sasa kulikuwa na desturi. Baada ya komunyo, wakati wa matangazo, shirika lenye zamu husimama na kueleza kreshi yao, nani ni nani na kitu gani ni kitu gani, ili watoto wafahamu. Abbé Gaston angeweza kuiruka. Alivua miwani yake, akaitia mfukoni bila kuisugua, akasema: "Shirika la Nyamugo, tueleze kreshi yenu."

Adolphine alitembea hadi kwenye ile meza. Alikuwa amevaa kikwembe, kitenge chake cha sikukuu, na chini ya kucha udongo ulikuwa bado. Akanyoosha mkono juu ya mlango mtupu.

"Mulima unaanzia hapa," alisema, na mkono wake ukapanda hewani kwa mteremko ule ule ambao kila mtu wa avenue aliujua kwa magoti yake. "Mutaro ya kwanza iko hapa. Maji iko nalala ndani. Hapa bamama biko nakata majani ya mbuzi. Munaona ule muti mukubwa? Ni avoka ya Joviale. Munaona mwenye anakaa chini yake? Ni Maombi. Kitambaa yake tulishabadilisha."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Watoto wa mbele walisimama juu ya mabenchi ili waone vizuri zaidi mahali pasipokuwa na kitu. Adolphine aliendelea. Aliwaonesha mvua ya mwaka ule, inavyokuja kwa nguvu kama sasa, kwa sababu hakutaka kuwadanganya kwamba mvua itatubu. Ila inaukuta mlima umevaa, inashuka polepole, inafika ziwani ikiwa safi, na sambaza wanarudi hadi karibu na ukingo. Aliwaonesha mbabula zinazokula makala kidogo na makala yenyewe ni ya matawi tu. Aliwaonesha mama fulani yuko jikoni mchana, mvua inapiga, naye anachambua maharage wala hainui kichwa. Akashuka hadi chini ya mlima, kwenye paa jekundu.

"Na hii nyumba," alisema, akiwatazama askari wawili mlangoni, "benyewe biko barazani. Bote. Banakunywa chai."

Ungetaka kuvunja kreshi hiyo ungepiga wapi? Askari walitazamana, wakatazama meza, hapakuwa na kitu.

Halafu Joviale alisimama katikati ya kanisa, mtoto mgongoni. "Maman Adolphine," aliuliza, sauti ile ile ya sokoni, "mutaro ya tatu inapita mbele ya kwangu ao nyuma?"

"Nyuma."

"Basi kesho miye nitaanzia pale."

Wale wakubwa wa bunduki hawakuwa wamewajua watu wa Bukavu. Uwaambie fungueni maduka, watafunga mji mzima siku nzima, hata mbwa asipite. Ndizo zile siku tulizoziita ville morte, mji uliokufa, na hakuna risasi iliyofungua duka hata moja. Constantin alihubiri mitaro miaka miwili hakupata jembe. Komanda aliikataza mara moja tu, na asubuhi ya Noeli, baada ya misa, watu walikuwa wanapanda mlima na majembe, makoleo, sahani za bati, wengine na viatu vya sikukuu mkononi. Mzee mmoja mcha Mungu ndiye aliyesita njiani, akamuuliza Abbé Gaston kama kufanya kazi siku ya Noeli si dhambi.

"Kazi, ndiyo," alisema padri, akikunja kanzu yake kiunoni. "Lakini kutengeneza kreshi haijawahi kuwa kazi."

Constantin alitembea mbele na kamba na vijiti, akiweka alama, na safari hii alikuwa na watu wengi kuliko kamba. Waliogopa, ndiyo. Joviale alimwacha mtoto kwa dada yake kule Bagira kabla ya kupanda, na hakueleza kwa nini. Kila mara mtu alinyanyua kichwa kutazama njia ya chini.

Walimwona Komanda anapanda akiwa na askari wake wote. Aliupanda mlima kwa haraka na kufika akihema, na bunduki zilikuwa mbele. Majembe yalisimama. Adolphine alitoka mtaroni, udongo hadi magotini, akasimama kati yake na watu.

"Nilisema nini?" aliuliza Komanda.

"Ulisema bavunje ya udongo, bakavunja. Hii iko mulima, afande. Na yenyewe uivunje."

"Naweza kuwapiga risasi wote hapa."

"Unaweza. Halafu mvua itakuya." Alinyoosha jembe kuelekea chini. Kutoka pale, chini kabisa, paa jekundu lilionekana wazi, nalo lilikuwa limekaa sawasawa katika mkondo ambao mlima uliupitia mara ya mwisho. "Itaanza na ile. Weye ulilima, unajua. Juzi ulimwaga maji na mukono yako."

Komanda alitazama paa. Alitazama mitaro, na macho yake yalifuata ule wa kwanza kwa ubavu wote wa mlima, kama kidole chake kilivyofuata njia juu ya meza. Yule askari mwenye rozari alikuwa ameshusha bunduki. Wingu lilikuwa linapanda kutoka ziwani.

Komanda alizungumza kwa sauti ya chini, ili askari wake wasisikie, na Adolphine peke yake ndiye aliyesikia. "Na kwenye hii kubwa," aliuliza, "bado sipo?"

Adolphine alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza hakuogopa wala hakukasirika. Alishusha jembe lake, akalisimika ardhini kati yao.

"Jembe njo hii, afande."

Komanda hakulishika. Alilitazama, akatazama mikono yake, akageuka na kuteremka, na askari wakamfuata mmoja mmoja. Nyuma yake Joviale alipiga jembe la kwanza, na wengine wakafuata.

Mitaro ilimalizika kabla ya mvua za mwezi wa pili. Zilipokuja, zilikuja kwa hasira ileile, na mlima haukuachia; maji yalilala mitaroni usiku kucha, na asubuhi jiko la kila mama lilikuwa mahali pake. Paa jekundu nalo lilisalimika pamoja na mengine, maana mtaro hauchagui, na Adolphine aliudhika sana kwa hilo. Vita ilichukua miaka zaidi kuliko mtu yeyote alivyotaka. Siku Komanda na wenzake walipoondoka, waliondoka mapema asubuhi bila kuaga, na baadaye Marcellin alirudi na wanawe, akakuta mlango umeng'olewa lakini baraza iko.

Adolphine alifinyanga mlima upya kila Noeli, juu ya mlango uleule. Yule Maria wa ungo hakumbadilisha. Watu wakimuuliza mbona mti wa Joviale kwenye kreshi ni mdogo kuliko mwanzo, anawaambia sasa anaupima kwa ule wa kweli, na ule wa kweli umefika begani kwa mtu.